Sahihi ya Fundi Kwenye Daftari la Mwanagenzi

Mazungumzo kwa wenye karakana, mafundi wakuu, wasimamizi wa kazi na wazazi wa wanagenzi. Yanachapishwa hapa kikamilifu ili wakazi ambao hawakuhudhuria nao wanufaike.



Jumatatu asubuhi kijana anafika kwenye gereji akiwa na barua ya chuo. Ana miezi mitatu ya kujifunza kazi. Mwenye gereji anaisoma barua, anaiweka kwenye droo na kumpa kijana ufagio. Wiki ya kwanza kijana anafagia. Wiki ya pili anashika tochi fundi akiwa chini ya gari. Kufikia mwezi wa pili anajua majina ya spana zote na kibanda kinachouza chai nzuri. Mwezi wa tatu unapokwisha, anatoa daftari lake la mafunzo. Fundi anatafuta kalamu, na kurasa zote zinatiwa sahihi siku moja: injini, klachi, breki, umeme wa gari.

Hakuna aliyekusudia mabaya. Fundi alikuwa na wateja. Kijana aliogopa kuuliza. Mwalimu wa chuo alikuja mara moja, akakaa nusu saa, akarudi kwa wanafunzi wengine. Lakini sasa kuna karatasi inayosema kijana huyu anajua kutengeneza breki. Mwaka unaofuata anaandikwa kazi kwenye gereji nyingine, na matatu ya abiria 14 inaletwa mbele yake ikiwa na tatizo la breki.

Mazungumzo haya yanahusu sahihi hiyo. Yanamhusu anayeitia, anayetiliwa, na wakazi wote ambao hawataiona kamwe lakini watapanda matatu hiyo.

Kujua kazi na kujua kufundisha kazi

Watu wengi huamini kwamba fundi bora ni mwalimu bora. Si lazima iwe hivyo. Muulize mama aliyepika chapati kwa miaka 20 unga kilo moja unahitaji maji kiasi gani. Atajibu: "Weka tu, ukiona imetosha, imetosha." Hafichi siri. Mikono yake inajua, na mikono haina maneno. Mkanda chapati anayejifunza hawezi kuona "imetosha" iko wapi.

Hali ni hiyo hiyo kwa anayechomelea vyuma. Fundi mzoefu husikia kwa mlio kama moto umekaa sawa. Fundi cherehani hujua kwa vidole kitambaa kinapovutika. Kadiri mtu anavyozidi kuwa hodari, ndivyo anavyozidi kusahau kwamba kulikuwa na siku hakujua. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mafunzo ya wakufunzi wa kazini ni kumsaidia fundi kuyageuza yale yanayojulikana na mikono yake kuwa hatua zinazoweza kusemwa, kuonyeshwa na kupimwa.

Nchi zenye desturi ndefu ya uanagenzi zililiona jambo hili mapema. Nchini Ujerumani, tangu mwaka 1972 kuna kanuni inayomtaka anayefundisha wanagenzi kazini athibitishe kwamba ana ujuzi wa kufundisha, si ujuzi wa kazi pekee. Mwaka 2003 serikali ya huko ilisimamisha sharti hilo ili kampuni nyingi zaidi zichukue wanagenzi. Mwaka 2009 ililirudisha. Nafasi za mafunzo zinahitajika, lakini nafasi isiyo na mkufunzi ni nafasi ya kufagia.

Nchini Kenya msingi wa kisheria upo. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iliviweka vyuo vya ufundi vya vijijini chini ya serikali za kaunti. Sheria ya mafunzo ya ufundi, yaani TVET, ya mwaka 2013 ilianzisha baraza la mitaala, tathmini na utoaji wa vyeti, TVET CDACC. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, husimamia mafunzo ya kazini na mitihani ya ufundi ya gredi ya 3, ya 2 na ya 1. Mtaala wenyewe umebadilika pia. Zamani kilichopimwa zaidi ni alichokumbuka mwanafunzi darasani. Leo, katika mafunzo yanayozingatia umahiri, kinachopimwa ni anachoweza kufanya. Na mahali pa kufanya ni karakana, jiko la hoteli, saluni, shamba na eneo la ujenzi. Hivyo mwenye karakana amekuwa nusu ya chuo, hata kama hakuna aliyemwambia.

Hatua, jambo kuu na sababu

Mkufunzi aliyefunzwa hutofautianaje na fundi wa kawaida? Mfano rahisi ni kufunga plagi ya pini tatu. Fundi umeme ataifunga kwa dakika chache huku akizungumza na mteja. Kijana aliyesimama kando ataona vidole vikipita haraka, basi.

Mkufunzi huanza kwa kuigawanya kazi kwenye karatasi kabla kijana hajafika. Kila hatua ina jambo kuu, na kila jambo kuu lina sababu. Waya wa kahawia ndio wenye moto; unaingia upande wa fyuzi, kwa sababu hitilafu ikitokea fyuzi ndiyo inayopaswa kukata moto huo. Waya wa buluu ni wa nyutro. Waya wa kijani na njano ni wa ardhi, na huachwa mrefu kidogo kuliko wenzake, kwa sababu kamba ikivutwa kwa nguvu unatakiwa uwe wa mwisho kuchomoka. Kibano kinashika ganda la nje la kamba wala si nyaya za ndani, ili mvuto usifike kwenye skrubu.

Kijana aliyepewa hatua bila sababu ataacha waya wa ardhi siku akiwa na haraka, maana taa itawaka vilevile. Aliyepewa sababu hatauacha, kwa kuwa anajua huo waya unamlinda nani.

Baada ya maandalizi hayo, ufundishaji wenyewe hupita katika ngazi nne. Ya kwanza ni kumweka mwanagenzi tayari: mkufunzi anamuuliza anajua nini tayari, na kumsimamisha mahali anapoona kazi kwa upande ule ule anaouona fundi, si kwa kinyume. Ya pili ni kuonyesha, polepole, hatua moja moja, na kurudia huku sababu zikitajwa. Ya tatu ni mwanagenzi kufanya mwenyewe huku akieleza anachofanya. Hapo ndipo fundi mwenye haraka hushindwa, kwa sababu mikono humwasha kunyakua kifaa. Ya nne ni kumwachia kazi, kumwambia amuulize nani akikwama, na kupita kumwangalia, kwanza mara nyingi, baadaye mara chache.

Mwanagenzi asipoelewa, mkufunzi hurudi kwenye karatasi yake na kutazama ni hatua gani hakuigawanya vizuri. Huko ndiko mahali pa kwanza pa kutafuta kosa.

Kumwelekeza bila kumvunja

Kuonyesha kazi ni sehemu moja. Kumwelekeza mwanagenzi siku baada ya siku ni sehemu nyingine, nayo inahitaji subira ambayo mafundi wengi hawakuonyeshwa walipokuwa wakijifunza wao. Wapo waliofundishwa kwa matusi na kofi, wakatoka mafundi, na sasa wanaamini ni kofi lililowafundisha. Ukweli ni kwamba walijifunza licha ya kofi, na wenzao wengi waliacha kazi kwa sababu yake.

Msemo wa wazee unajulikana: kuuliza si ujinga. Lakini mwanagenzi hujifunza siku ya kwanza kama msemo huo unafuatwa kwenye karakana hiyo. Akiuliza akachekwa mbele ya wateja, hatauliza tena. Atakisia. Na anayekisia kwenye umeme, gesi au msumeno huumia au huumiza.

Mkufunzi aliyefunzwa hutofautisha makosa ya aina mbili. Kosa la usalama husahihishwa papo hapo, kwa sauti kama ni lazima: kijana akiwasha grainda bila miwani ya kukinga macho, kazi inasimama. Kosa la kawaida husubiri. Mkufunzi humwita kando, humuuliza kwanza, "Wewe mwenyewe unaionaje hii?" na mara nyingi kijana hulitaja kosa kabla ya kuambiwa. Kisha anaelezwa jambo moja la kurekebisha kesho. Mtu hawezi kurekebisha mambo kumi kwa siku moja. Sifa nazo hutolewa kwa kutaja kitu: "Kona hii umeipima mara mbili, ndiyo maana mlango umekaa," ni bora kuliko "vizuri sana", kwa kuwa kijana anajua arudie nini.

Kuna jambo ambalo lazima lisemwe wazi. Msichana anayekuja kujifunza kuchomelea vyuma hakuja kupika chai ya karakana. Apewe mashine ile ile, kazi ile ile na heshima ile ile. Mkufunzi anawajibika kwa maneno na mikono ya wanaume wengine walio chini yake, sawa na anavyowajibika kwa nyaya zilizo wazi. Mzazi hawezi kumtuma binti yake mahali ambapo hakuna anayejibu kwa hilo.

Kupima kwa haki

Sasa kuna sahihi. Tathmini ya umahiri haiulizi kama kijana ni mtoto mzuri, kama anawahi asubuhi, au kama baba yake anafahamiana na fundi. Inauliza kama anaweza kufanya kazi hii kwa kiwango kilichoandikwa.

Ili kujibu, mkufunzi hutafuta ushahidi. Humtazama mwanagenzi akifanya kazi mwanzo hadi mwisho bila kusaidiwa. Hukagua kazi iliyokamilika. Humuuliza maswali ya mdomo, hasa ya "ingekuwaje kama": ingekuwaje kama saruji ingekuwa imeganda kwenye mfuko, au mteja angekataa kulipia kifaa halisi? Huweka picha, michoro na kumbukumbu za kazi kwenye jalada la mwanagenzi.

Kisha ushahidi huo hupimwa kwa maswali manne. Je, unahusu kazi inayopimwa? Aliyeonyesha kubadilisha gurudumu hajaonyesha kutengeneza breki. Je, ni wa mwanagenzi mwenyewe? Sketi iliyoshonwa na fundi na kukatwa nyuzi na mwanagenzi si sketi ya mwanagenzi. Je, ni wa karibuni? Aliyoweza miaka mitano iliyopita huenda ameyasahau. Na je, unatosha? Kufaulu mara moja kunaweza kuwa bahati, lakini kurudia kufaulu, kwa vifaa tofauti na siku tofauti, ni umahiri.

Baada ya hapo jibu huwa moja kati ya mawili: amefikia umahiri, au bado. Neno "bado" ni muhimu. Halimfukuzi kijana wala halimwiti mjinga. Linamwambia ni hatua gani amebakiza na lini atapimwa tena. Fundi anayeogopa kusema "bado" kwa sababu anamhurumia kijana anampa huruma ya siku moja na kumwachia tatizo la maisha. Atakayemwambia "bado" baadaye ni mwajiri anayemfuta kazi, au ajali.

Ndiyo maana sahihi kwenye daftari inapaswa kutiwa siku kazi ilipofanyika, ukurasa kwa ukurasa. Ndiyo maana pia cheti cha kitaifa hakitolewi kwa neno la mkufunzi pekee: kuna watathmini walioidhinishwa, na kuna wanaohakiki kazi ya watathmini hao. Mwanagenzi anayeona hakupimwa kwa haki ana haki ya kuuliza sababu na kukata rufaa. Daftari lililojazwa kwa ukweli humlinda yeye, na humlinda fundi pia.

Hofu za wenye karakana

Mafundi wana malalamiko, na si ya kupuuzwa. La kwanza ni muda. Saa ya kufundisha ni saa isiyo na mteja. Ni kweli kwa wiki za mwanzo. Lakini mwanagenzi aliyefundishwa hatua kwa hatua huanza kufanya kazi yenye faida mapema, na huharibu vifaa vichache. Aliyeachwa atazame tu huendelea kuwa mzigo hadi siku ya mwisho. Karatasi ya hatua ikishaandikwa, inatumika kwa kila mwanagenzi anayefuata.

La pili ni gharama. Waajiri walio chini ya sheria ya mafunzo ya viwandani hulipa ushuru wa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, na wanaotimiza masharti wanaweza kudai kurudishiwa gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa na NITA. Waajiri wengi hulipa bila kudai chochote. Ni vyema wafike katika ofisi za NITA na kuuliza masharti.

La tatu ni ushindani: "Nikimfundisha yote, atafungua duka mkabala na langu." Huenda akafungua. Lakini mafundi wengi walioketi hapa walifundishwa na mtu ambaye hakuwaficha, na mji uliokua una kazi ya kuwatosha wote wawili. Kinachoharibu soko la fundi mzuri ni fundi mbaya aliyeezeka paa likang'olewa na upepo, hadi wateja wakaacha kuwaamini mafundi wa mtaa na kuleta watu kutoka mbali.

La nne ni ajali. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atoe maelezo, mafunzo na usimamizi wa kulinda walio kazini. Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya mwaka huo huo inamhesabu mwanagenzi kuwa mfanyakazi. Kwa hiyo kauli kwamba "huyu ni wa chuo tu" haimwondolei mwenye karakana wajibu. Kujua kufundisha kwa usalama ni kinga yake mwenyewe.

Fundi asiye na cheti

Wapo mafundi wa jua kali wanaosikia haya na kuinamisha kichwa. Wamefanya kazi miaka 15, wamefundisha vijana kadhaa, lakini wao wenyewe hawana karatasi. Je, wanaweza kuwa wakufunzi?

Njia ipo. Utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa unasimamiwa nchini chini ya mfumo wa kitaifa wa sifa uliowekwa na sheria ya mwaka 2014. Fundi hapelekwi kuanza darasa la kwanza. Anakusanya ushahidi wa kazi zake, anahojiwa, anaonyesha kazi kwa vitendo, na kiwango alichofikia kinatambuliwa. Anaweza pia kufanya mtihani wa gredi wa NITA. Hatua nzuri ya kuanzia ni chuo cha mafunzo ya ufundi kilicho karibu, ambako wakufunzi watamwelekeza.

Kuna faida nyingine isiyotajwa sana. Fundi aliyepimwa yeye mwenyewe kwa haki hujua jinsi inavyouma kusubiri jibu, na hujifunza kumpima mwingine kwa haki.

Yanayowezekana wiki hii

Hakuna haja ya kusubiri semina. Mwenye karakana anaweza kuchagua kazi moja anayoifanya kila siku, akaiandika hatua, jambo kuu na sababu. Anaweza kumteua mtu mmoja anayejulikana kuwa ndiye mkufunzi wa mwanagenzi, badala ya kumwacha atumwe na kila mtu. Mwalimu wa chuo anaweza kumtumia fundi orodha ya mambo ambayo mwanafunzi anatakiwa kuyaweza kabla hajafika, siyo baada ya kuondoka. Mzazi anaweza kuomba kuliona daftari wiki ya pili; likiwa tupu, bado kuna wakati wa kuuliza kwa upole. Na kijana anaweza kusema kila Ijumaa: "Fundi, hili nimeliweza, hili bado. Naomba unitazame nikifanya."

Jifya moja haliinjiki chungu. Chuo, karakana na nyumbani ni mafya matatu, na moja likitetereka, chungu kinamwagika.

Jumatatu ile inaweza kuwa tofauti. Kijana anafika na barua. Fundi anaisoma, anamwonyesha mlango wa dharura na kizima moto, anampa miwani, na kumuuliza: "Chuoni mmefika wapi?" Atafagia, kwa sababu kila mtu kwenye gereji hiyo hufagia. Lakini kabla ya chakula cha mchana amefungua gurudumu moja, amelifunga, na ameeleza kwa nini nati hukazwa kwa kuvuka upande badala ya kufuata duara. Jioni fundi anatoa kalamu na kutia sahihi mstari mmoja tu. Mstari huo ni wa kweli.